Ombi la Kuondolewa kwa Sauti katika Filamu ya Aldersby

Aldersby, Lincolnshire
Ijumaa, 27 Oktoba 1995

Kwa Bi. Philippa Quennell,
Mkurugenzi,
Hifadhi ya Filamu ya Pargeter,
London.

Mheshimiwa Bi. Quennell,

YAH: SAUTI MLIYOTULETEA BILA KUOMBWA

Bi. Maureen Odling, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kijiji cha Aldersby, alitangaza Jumanne jioni kwamba filamu ya Ndege ya Mwisho Kutua itaonyeshwa mwaka huu ikiwa na sauti. Alisema nakala mliyoisafisha na kuirudishia maneno yake imeshafika salama, imejaribiwa mbele ya wajumbe, na kila neno linasikika hadi jikoni. Pingamizi, kama zipo, zinapokelewa hadi Ijumaa ijayo.

Pingamizi zipo. Ninazo saba, na naziandika kwako moja kwa moja kwa sababu Bi. Odling ameshanisikiliza mara mbili na sasa akiniona barabarani anavuka upande wa pili.

Najua ulidhani umetufanyia wema. Inawezekana hapo London hakuna anayejua jinsi sisi tunavyoitazama filamu hii, hivyo nieleze kwanza. Ilipigwa kwenye uwanja wetu wa ndege za vita mwaka 1951. Inahusu watu saba wa ndege moja ya mabomu na usiku wao mmoja juu ya Ujerumani. Watengenezaji walipomaliza walituachia madirisha yaliyopasuka, na kwa kutuomba radhi wakatupa nakala ya filamu. Projekta ya ukumbi wetu haikuwa na kipaza sauti. Sinema ya mji wa jirani iliionyesha kwa wiki moja tu, nayo ikawa ile wiki theluji ilipofunga barabara. Baada ya hapo hakuna sinema iliyoitaka tena. Basi kijiji kilipokaa kuitazama kwa mara ya kwanza, Novemba 1952, kiliona watu saba waliofunika midomo kwa barakoa za hewa wakitikisiana vichwa gizani, kimya kabisa.

Watu wa hapa hawawezi kukaa na kimya cha aina hiyo. Mtu mmoja alianza kumsemea kapteni. Mwingine akamjibu kwa niaba ya fundi wa mitambo. Barakoa zilisaidia sana, maana mdomo usioonekana hauwezi kubishana na unayousemea. Mwaka uliofuata viti saba vilipangwa katikati ya ukumbi kwa umbo la ndege, kila msemaji akakaa mahali ambapo mtu wake anakaa, na hadi leo ni hivyo. Kiti kinarithiwa. Jack Sleight alikuwa kapteni wa kwanza. Alipohamia Skegness, pwani, kwa ajili ya mapafu yake, mwaka 1964, kiti kikaja kwangu.

Niseme ukweli kuhusu sifa zangu. Nilikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la wilaya hadi nilipostaafu, na kazi yangu kubwa ilikuwa mahakama ya mahakimu na bei ya viazi. Ndege nimepanda mara moja, kwenda Majorca, na nilitapika kabla haijaacha ardhi. Hata hivyo kwenye baa ya kijiji naitwa Kapteni, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Malalamiko yafuatayo yana sura mbalimbali, lakini yote yanaelekea kwa mtu mmoja, naye ni Horace Tasker. Ana miaka sabini na tatu na ndiye pekee kati yetu aliyeruka kweli. Alikuwa mpiga bunduki wa mkiani, na katika ukumbi anakaa kiti cha mkia: nyuma kabisa, akiupa mgongo ukuta wa picha, kwa sababu mtu wa mkia hukaa akitazama nyuma. Kiti alikigeuza mwenyewe mwaka ule wa kwanza, kabla ya viti vingine kupangwa. Sauti yenu ikipita, Horace hatakuwa na la kusema tena usiku ule. Hilo ndilo linalonisumbua, na naomba ulikumbuke ninapopita kwenye mambo mengine.

1. Sauti ya kapteni.

Kapteni wako anazungumza kama mtu aliyeambiwa asimeze yai la moto. Nimemsemea mtu huyu kwa miaka thelathini na moja na ninamjua. Ni mtu wa kwetu, mtoto wa mkulima wa kiazisukari, mwenye maneno machache na kikohozi. Katika nakala yako, kabla hata ndege haijapashwa moto, ametoa hotuba kuhusu uhuru, bahari na bibi yake. Jumanne nilisimama katikati ya jaribio nikamweleza Bi. Odling kwamba kuna kosa la kiufundi, maana huyo siye.

Bi. Odling alijibu bila kugeuka. "Gordon, huyo ndiye mwenye ndege. Wewe ulikuwa umemshikia tu."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Ndiyo mazoea ya kazi yangu, hata yanapoumiza.

2. Heshima ya Bi. Beryl Sleight.

Katika mnara wa kuongozea ndege yuko mwanamke mwenye sare, anayemsubiri kapteni usiku kucha. Tangu mwanzo anasemewa na Bi. Beryl, dada yake Jack. Utaelewa ugumu. Kaka na dada wa tumbo moja hawawezi kuambiana mambo ya mahaba mbele ya mama yao, kasisi na nusu ya wilaya. Kwa hiyo tangu 1952 mwanamke yule ni dada wa kapteni, na anachosubiri ni kumwambia kwamba ng'ombe amezaa salama. Nilipopokea kiti nilipokea ndege, wenzangu sita na dada.

Mwishoni kuna picha ambapo dada na kaka hao wanabusiana kwa muda usiokuwa mfupi. Hilo lilitatuliwa mapema. Kapteni ametoka kwenye baridi kali ya angani, na dada anampulizia hewa ya moto kama alivyofundishwa kwenye huduma ya kwanza. Bi. Beryl huhesabu pumzi kwa sauti. Muuguzi wa wilaya aliwahi kuhudhuria akasema njia ile haiko kwenye kitabu, lakini hakuona ubaya wake.

Sasa katika nakala yako mwanamke yule anafungua kinywa na kusema wataoana Juni. Bi. Beryl alikuwepo. Aliweka kikombe chini, akavaa koti, na mlangoni akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa namfanya nini kaka yangu?" Nikaona ni wajibu wangu kumfuata nje na kumkumbusha kwamba kwa sehemu kubwa ya muda huo kaka huyo nilikuwa mimi. Alisema hilo ni baya zaidi.

3. Sala.

Kabla ya kuruka, watu saba wanatoka na kusimama kwa mstari kwenye gurudumu la nyuma, migongo yao ikiwa kwetu, vichwa vimeinama, kila mmoja mikono yake mbele. Aldersby imejua siku zote kwamba wanasali. Wakati huo kasisi husimama, na ukumbi mzima humfuata. Tumepata makasisi watano tangu filamu ije na wote wamesema hakuna picha ya sinema inayowagusa kama ile.

Katika nakala yako inasikika sauti ya maji yanayomwagika, ambayo si ya sala. Inafuatiwa na vicheko, kisha mmoja wao anamwambia mwenzake aangalie viatu.

Nimechunguza na nimeambiwa kwamba ilikuwa desturi ya kweli ya watu wa ndege, ya kutafuta bahati. Horace, ambaye bila shaka alijua, hakuwahi kusema neno. Kasisi wetu wa sasa ni kijana na amefika Agosti. Sitaki kuwa mtu wa kumweleza.

4. Injini.

Zenu zina kelele mno. Zetu zinaungurumishwa na waimbaji wanne wa besi wa kwaya ya kanisa, waliokaa wawili kulia na wawili kushoto, na mtu akikohoa wanapunguza. Bwana Brumby, aliyekuwa injini ya tatu, alifariki Februari na bado hatujapata wa kumrithi, hivyo mwaka huu tulipanga kwenda na kurudi kwa tatu. Horace alisema amewahi kurudi kwa mbili.

5. Mabomu.

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu suala linagusa uhusiano wa kimataifa.

Hadi 1974 ndege yetu ilikuwa inapiga mabomu kama ndege nyingine yoyote. Mwaka huo kijiji chetu kilifunga undugu na kijiji cha Wiesenbrück, Ujerumani, na ujumbe wao ukaja Novemba. Hakuna aliyefikiria tarehe. Walikaa mstari wa mbele, wamepewa mkate wa zabibu na jibini, wakiongozwa na Bwana Lüdtke, mtu mpole mwenye miwani mizito. Kama ungekuwa umekaa kiti changu usiku ule ungeelewa maana ya kuongoza ndege. Tulikuwa tunakaribia Ujerumani, na Ujerumani ilikuwa imekaa pale, inakula mkate wetu.

Stan Leake, anayemsemea mlenga mabomu, ni fundi wa kuezeka mapaa na si mwanadiplomasia. Mlango wa tumbo la ndege ulipofunguka aliwatazama wageni wa mstari wa mbele. Kisha akasema, "Nadondosha vipeperushi, Kapteni."

Nilimkubalia. Ningefanya nini. Chini kwenye picha mji mzima ukaanza kuwaka. Stan akatazama, akatafakari, akaongeza, "Vipeperushi vizito."

Baadaye, wakati wa chai, Bwana Lüdtke alinifuata akanishika mkono. Alisema kwa Kiingereza kizuri kwamba alikuwa mtoto wakati ule na anavikumbuka vipeperushi vyenyewe. Alisema hivyo bila tabasamu na bila hasira. Kisha akaomba kipande kingine cha mkate.

Tangu hapo ni vipeperushi. Ujumbe unakuja kila baada ya miaka mitatu na mwaka huu ni zamu yao. Bwana Lüdtke ni mzee sasa na atakuja na wajukuu. Katika nakala yako mlenga mabomu anataja jina la mji, aina ya bomu na uzito, kisha anapiga kelele za furaha. Nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima: ni nani kati yetu aliyeboresha filamu hii?

6. Kuitwa kwa majina.

Ndege inarudi alfajiri imejaa matundu. Kapteni anamwita kila mtu mahali alipo, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anajibu. Wa mwisho ni mkia. Picha wakati huo haionyeshi mkia. Inaonyesha macho ya kapteni tu, juu ya barakoa, yakisubiri.

Katika nakala yako kapteni anaita mara tatu. Hakuna kitu. Halafu mtu wa redio anasema, "Hajibu, Kapteni."

Kwetu anajibu. Ninaita, "Mkia?" na kutoka nyuma ya ukumbi Horace anasema, "Mkia upo, Kapteni. Baridi tu." Watu wanacheka kidogo, wanavuta pumzi, wengine wanaanza kutafuta viatu vyao. Kwa wengi wetu filamu imeisha hapo. Machela yenye mtu aliyefunikwa, inayopita baadaye, inaelezwa na fundi wa mitambo kuwa ni parachuti zinazokwenda kufuliwa.

Hakuna aliyempangia Horace jibu hilo. Mwaka ule wa kwanza Jack Sleight aliita mkia kwa sababu picha ilionyesha anaita. Hakujua kitakachofuata. Sauti ikatoka nyuma kwenye giza. Waliokuwepo wanasema ukumbi mzima uligeuka.

Kwa nini alijibu, kijiji hakijawahi kumuuliza, kwa kuwa kijiji kinajua. Machi 1944 Horace alilazwa hospitali ya kambi kwa sikio lililojaa usaha. Ndege yake iliruka na kijana mwingine kwenye kiti chake, haikurudi, na hadi leo haijulikani ilianguka wapi. Horace alipona sikio. Baadaye alioa, akafanya kazi kwenye ghala la nafaka, akastaafu. Mara moja kwa mwaka mtu anamwita mkia na yeye anasema yupo, na watu wote saba wanatua wazima.

Hicho ndicho mnachokiondoa. Mkitaka kujua kama kina thamani, kaeni mbele yake siku moja, mmwite, msikie mnavyoitikiwa.

Sijamuuliza Horace maoni yake. Jumanne alikuwa Lincoln kwa daktari wa macho, kutolewa mtoto wa jicho. Ni kweli kwamba gazetini niliwafundisha vijana wengi kuwa habari isiyo na kauli ya mhusika si habari. Lakini hii si habari, ni malalamiko, na kanuni zake ni nyingine. Isitoshe jibu la Horace nalijua. Nimelisikia kila Novemba kwa miaka thelathini na moja.

7. Hoja ya jumla, na maombi.

Waigizaji wako waliyasema maneno yao mara moja, mwaka 1951, wakalipwa, wakaenda nyumbani. Sisi tumeyasema yetu kila mwaka tangu 1952, bila malipo, katika ukumbi ambao joto lake unalijua kama umewahi kuvaa glavu ndani ya nyumba. Kitu kilichosemwa mara moja na wageni hakiwezi kuwa cha asili kuliko kitu kilichosemwa mara nyingi na wenyeji. Nimeipima hoja hii kwa siku tatu nzima na sioni ufa. Inafuata kwamba sauti iliyo kwenye nakala yako ni ya kuongezewa, na inafuata pia kwamba Hifadhi yako imeharibu filamu iliyokabidhiwa kuitunza. Sikulaumu. Mlikosa taarifa.

Kwa hiyo naomba kwa heshima:

Kwanza, sauti iondolewe kwenye nakala ya Aldersby kabla ya onyesho.

Pili, iondolewe kwenye nakala nyingine zote, ili watu wa mahali pengine wasipotoshwe.

Tatu, fundi wako aje na vyombo vya kurekodia, tuiseme filamu ipasavyo, na sauti zetu ziwekwe kwenye nakala ya taifa. Atahitaji kuleta mtu mmoja wa besi.

Nne, waigizaji walio hai waalikwe Aldersby kwa mafunzo. Bi. Beryl yuko tayari kumwonyesha yule mwigizaji wa kike jinsi ya kuwa dada.

Tano, Hifadhi yako iwaandikie watu wa Wiesenbrück kuthibitisha kwamba vilikuwa vipeperushi.

Sita, kama hayo yote yanashindikana, ziondolewe sekunde chache tu, pale baada ya kapteni kuita mkia. Msiweke chochote. Acheni kimya, mtu wetu ataingia mwenyewe. Hili la sita, ukinilazimisha, ndilo ninalolitaka. Mengine nimeyaweka ili uwe na cha kukataa.

Sifichi kwamba nina maslahi. Onyesho likipita kwa sauti yenu, Jumatatu inayofuata nitaingia kwenye baa nikiwa Gordon Brackenbury, mstaafu, na sina hakika kama kuna mtu pale anayemjua. Stan Leake ameshaanza kunitania. Jana aliniuliza kama raia anaruhusiwa kukaa kwenye stuli ile. Lakini mimi nitazoea. Nilizoea kustaafu, ambako kulikuja pia kwa barua ya heshima na watu wenye nia njema. Horace sijui atazoea vipi, na ndiyo sababu nimeandika.

Nawatakia afya njema wewe na wote mnaofanya kazi hapo. Nifikishie salamu kwa fundi wa sauti, ambaye kazi yake, nakiri, ni safi sana. Bi. Odling anawashukuru tena na anaomba niseme kwamba barua hii haikutoka kwa kamati. Stan na injini tatu wanawasalimu. Kasisi anawasalimu na anawaombea. Bi. Beryl Sleight hatumi salamu.

Wako mtiifu,

Gordon Brackenbury
(Kapteni)

Nyongeza, Jumamosi asubuhi.

Nilikuwa nimeshabandika stempu nilipoona ingependeza barua iwe na sahihi ya Horace chini ya yangu. Nikaifungua bahasha nikaenda kwake. Nilimkuta bandani anachambua viazi, jicho moja jekundu, bandeji imetolewa. Nikampa kurasa zote. Alisoma polepole akizisogeza karibu na dirisha. Kwenye vipeperushi alicheka hadi akashika meza. Alipofika namba 6 aliacha kucheka, akasoma hadi mwisho, akazirudisha.

"Uliniuliza lini?" akasema.

Nikamwambia sikuona haja.

"Gordon, tangu mwaka hamsini na mbili nimekaa nyuma pale naangalia mlango wa jikoni. Namwona mama wa jikoni anatoka na birika la chai, namwona anarudi. Filamu yenyewe sijaiona hata siku moja."

Nilimkumbusha kwamba kiti alikigeuza mwenyewe. Akasema ndiyo, alikigeuza akiwa na miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Akasema daktari amempa jicho jipya na mimi nataka alielekeze jikoni.

Basi ikabidi nimwambie. Nilijitahidi kusema taratibu, kama tulivyokuwa tunafanya gazetini tukipeleka taarifa nyumbani kwa watu. Nilisema kwamba katika filamu halisi mkia anaitwa na hajibu. Horace aliendelea na viazi. Akasema anajua. Alijua kabla filamu haijaisha kupigwa, kwa sababu kijana aliyeigiza mkia alikuwa anakunywa kwenye baa yetu, na usiku mmoja kijana huyo alimfuata Horace kumuuliza mtu anaangukaje akipigwa risasi kwenye kile kiti.

"Nikamwambia sijui, sikuwepo. Aliyekuwepo ni Len."

Sijawahi kulisikia jina hilo, na nimeishi barabara moja na Horace karibu maisha yangu yote. Nikauliza Len ni nani, swali ambalo mwandishi wa habari angeliuliza mwaka 1964.

"Len Scrimshaw. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kiti hakikuwa chake. Kila mwaka unaita mkia, najibu mimi. Nilidhani namsaidia. Nimemjibia vya kutosha, Gordon. Safari hii mwache aitwe."

Akanipa mfuko wa viazi nimpelekee mke wangu.

Kwa hiyo, Bi. Quennell, naomba namba 1 hadi 7 zichukuliwe kuwa zimefutwa, pamoja na maombi yote sita, hasa la sita. Nimepita kwa Bi. Beryl kumweleza, na anasema namba 2 haijafutwa. Naituma barua kama ilivyo kwa sababu sitaki kuandika nyingine.

Filamu itaonyeshwa ukumbini Jumamosi, tarehe 11 Novemba, saa kumi na moja jioni, kwa sauti yenu. Ujumbe wa Wiesenbrück utawasili siku moja kabla, na Bi. Odling atazungumza na Bwana Lüdtke kuhusu vipeperushi. Nimeomba tuwekewe viti viwili mstari wa pili, vyote vikitazama mbele, kimoja cha Horace na kimoja changu. Nimeahidi kunyamaza.